Je, taifa la mtu ndo linaamua kama ataelewa kejeli na utani? Mimi nakataa, karibuni tujadili

#1 Mzawa wa Ujiji

Wakuu salaam, wa Kigoma, wa Tabora na wengine wote mnaopita humu.

Hii mada imenikaa kichwani muda mrefu maana nimechoka kusikia kauli za wazungu hawajui utani, Warundi hawataniki, Wachina hawaelewi kejeli, mara Wabongo ndo tunajua kucheka kuliko majirani zetu wote. Huku kwetu mwisho wa reli tunaishi na kila aina ya watu, Waha, Wamanyema, Wabembe, Warundi, Wakongo wanaovuka ziwa na boti, Wanyamwezi na Wasukuma walioshuka na treni, Waarabu na Wahindi wenye maduka tangu enzi za mababu, wazungu wa miradi, kwa hiyo tunaweza kuliongelea hili kwa kuangalia watu tunaokutana nao kila siku sokoni na ofisini. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: uwezo wa kuelewa kejeli binadamu wote wanao, kinachotofautiana ni nani anaruhusiwa kumtania nani, mahali gani na mbele ya nani, na hiyo ruhusa haifuati mipaka ya nchi.

Nianze na mfano ulionifanya niandike. Kuna kijana wa ndugu yangu anafanya kazi stoo kwenye mradi mmoja wa nje hapa mjini, mradi wenyewe siutaji. Ripoti ya mwezi ya stoo ilichelewa kwa sababu gari lilikosa mafuta na mzigo ukafika nje ya muda. Bosi wake, Mwingereza, akaandika kwenye grupu la WhatsApp la kazini, tena kwa Kiswahili kizuri tu, "Hongera sana stoo, mwezi huu mmewahi kweli kweli." Kijana akasoma, akajua bosi kaelewa shida ya mafuta na anampa moyo, akajibu "Asante sana bosi, tutaendelea hivi hivi." Hapo ndo balaa likaanza. Bosi akaona dogo anamrudishia kejeli mbele ya ofisi nzima, kesho yake asubuhi akaitwa akapewa barua ya onyo kwa utovu wa nidhamu. Hiyo barua nimeisoma kwa macho yangu. Kijana mwenyewe hakujua kakosa nini mpaka dereva mmoja wa siku nyingi alipomkalisha chini akamweleza.

Angalieni hapo vizuri wakuu. Huyu kasema kejeli ikachukuliwa ni kweli, yule kasema kweli ikachukuliwa ni kejeli, na yote ndani ya meseji mbili. Halafu ofisini wakahitimisha kwamba Muha haelewi kejeli. Jamani! Huyo kijana ukimkuta Jumapili kakaa na Wanyamwezi wa pale Gungu wanavyomchambua na yeye anavyowarudishia, hutasema haelewi kitu. Ila kwa malezi yake mkubwa akitaka kukukosoa anakuita pembeni au anakufokea wazi, akikusifia mbele za watu basi kakusifia. Kwa hiyo yule dogo alisoma ile meseji kwa kanuni anayoijua, na kwa kanuni ile alikuwa sahihi kabisa.

Na kuhusu maandishi, hata wa nchi moja hawaelewani. Kuna utafiti wa Marekani wa Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao uliotoka 2005, wanafunzi waliandikiana barua pepe, nyingine za kejeli nyingine za kawaida. Waandishi walitegemea wasomaji wangepatia ipi kejeli ipi siyo kwa asilimia 78. Wasomaji wakapatia asilimia 56, yani kidogo tu juu ya kubahatisha. Maneno yale yale yaliposemwa kwa sauti watu wakapatia zaidi ya asilimia 70. Sasa hao ni wanafunzi wa nchi moja, lugha moja, rika moja, je bosi wa Kizungu na dogo wa Kasulu kwenye grupu la watu kibao?

Mtu atasema basi tatizo ni maandishi tu, tukiongea ana kwa ana mambo yataisha. Hapana, na sauti nayo ina kwao. Henry Cheang na Marc Pell wa chuo cha McGill kule Montreal walipima sauti za watu wakisema kejeli kwa Kiingereza na kwa Kikantoni, lugha ya Wachina wa Hong Kong na Guangdong, matokeo yakatoka 2009. Wa Kiingereza wakitoa kejeli wanashusha sauti chini, wa Kikantoni wanaipandisha. Baadaye 2011 wakawasikilizisha watu kejeli za lugha wasiyoijua, wakashindwa kuitambua, walikuwa wanakisia tu, wakati kwenye lugha yao waliipata vizuri. Kwa hiyo mgeni anaweza kukaa mbele yako, anakuangalia usoni, anakusikia, na bado ikampita, na wala siyo kwamba ni mgumu wa kuelewa.

Sasa kwa nini nakataa neno taifa? Kwa sababu mwaka 2008 kuna watafiti walilinganisha wanafunzi wa jimbo la New York na wa Memphis kule kusini, wakawapa mazingira wakawauliza wangesemaje. Wa kaskazini waliandika majibu ya kejeli zaidi. Nchi moja, bendera moja, Kiingereza kimoja. Hata hapa Tanzania nani ataniambia mtu wa Kariakoo, wa Sikonge na wa Buhigwe wanataniana kwa namna moja? Tunapewa kitambulisho kimoja cha taifa ila mama zetu hawakutufundisha kitu kimoja kuhusu mdomo.

Na kama kuna sehemu duniani ya kulijadilia hili basi ni Ujiji. Mwaka 1871 Stanley alipofika hapa kwetu akamkuta Livingstone, anasema alimwambia yale maneno maarufu ya "Dr Livingstone, nadhani?" Watu Uingereza wakayageuza kichekesho, yakaigizwa na kudhihakiwa miaka na miaka. Lakini mkisoma alichoandika mwenyewe mwaka uliofuata, hakuwa anachekesha hata kidogo. Anaeleza kwamba alitaka kumkimbilia amkumbatie, ila kwa kuwa yule ni Mwingereza hakujua angepokelewa vipi, na umati ulikuwa umewazunguka, basi woga na kiburi cha uongo vikamwambia atembee taratibu, avue kofia, aseme vile. Tena Livingstone ni Mskoti, na Stanley mwenyewe kazaliwa Wales akaenda kuwa Mmarekani. Watu wawili wa lugha moja, maelfu ya maili kutoka kwao, mmoja anahangaika hajui mwenzake atachukuliaje maneno! Wenyeji wetu waliosimama pale wakiangalia sidhani kama walihitaji kujiuliza maswali hayo, na Susi, mtumishi wa Livingstone, alishatoka mbio zamani kumsalimia mgeni kwa Kiingereza.

Karibuni, hasa wa Tabora maana nyie kwenye utani ndo wenyewe.

#2 Kaliua Kwetu

Mkuu umeita tumefika. Umegusa kitu ambacho sisi Wanyamwezi tunakiishi, na inaniuma watoto wa siku hizi wanakiona ni ushamba.

Niwaeleze wasiojua. Kwenye msiba wetu mtani ana kazi yake. Nimeona kwa macho mtani anashuka kaburini analala, anasema haondoki mpaka alipwe, wafiwa wanachangishana wanampa hela ndo anatoka maziko yaendelee. Mwingine anavaa koti la marehemu, anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, anakemea watu kama alivyokuwa anakemea, mjane anayelia anaanza kucheka huku machozi yanamtoka. Mwaka fulani tulikuwa na daktari mgeni kutoka Ulaya kaja kumzika mfanyakazi mwenzake, alipomwona mtani kachukua jembe la kuchimbia kalificha akakasirika sana, akawa anawauliza watu mbona mnamwacha mlevi aharibu msiba. Yule mtani hakuwa amekunywa hata tone. Ila hata kijana mmoja wa Kitanzania kabisa aliyekulia mjini Dar naye alikuwa anasogea kumtoa kwa nguvu, wazee wakamshika mkono. Sasa hapo taifa liko wapi? Mzungu na Mbongo wote wawili hawakuelewa, na wote wawili kwa sababu ile ile.

Na utani wetu haukuja hivi hivi. Babu zetu walibeba pembe na mizigo kutoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo, njiani wanapita kwa Wagogo, Waluguru, Wazaramo. Ukiugua njiani nani atakupa uji, ukifa nani atakuzika? Mtani. Ndo maana mpaka leo Mnyamwezi au Msukuma akifika kwa Mzaramo anaweza kutukanwa tusi zito na akakaribishwa kula hapo hapo. Wataalamu wa Kizungu waliuandikia sana, Moreau aliandika kuhusu utani wa Tanganyika miaka ya 1940, na Radcliffe-Brown mwaka 1940 alieleza kwamba ni uhusiano ambao mtu anaruhusiwa, na mara nyingine anatakiwa kabisa, kumtania mwenzake, na mwenzake hatakiwi kukasirika. Hiyo "hatakiwi kukasirika" ndo msingi wote. Bila hiyo ni matusi tu.

#3 Mgebuka Mkavu

Mleta uzi nakuheshimu ila mimi naona unakwepa. Nchi ina nguvu yake bwana. Mwaka 2012 lile gazeti la vichekesho la Marekani, The Onion, liliandika kwamba Kim Jong-un wa Korea Kaskazini ndo mwanaume mwenye mvuto kuliko wote duniani. Tovuti ya gazeti kubwa la China, People's Daily, ikaichukua kama habari ya kweli ikaweka na picha 55! Ungeniambia gazeti la London lingefanya hivyo? Mtu aliyekulia kwenye nchi ambayo magazeti hayamchekei kiongozi hawezi kuwa na jicho la kuona hiyo kitu. Kwa hiyo taifa lipo, sheria zipo, shule zipo, na vinamjenga mtu.

#4 Mzawa wa Ujiji

Mgebuka Mkavu hoja yako ni nzuri na nakubali kwamba vyombo vya habari vya nchi vinamzoesha mtu aina fulani ya kejeli. Ila jiulize na hili: mwaka 2015 Jack Warner, yule aliyekuwa makamu wa rais wa FIFA, mtu wa Trinidad ambako viongozi wanaimbwa na kuchekwa kwenye nyimbo za calypso tangu zamani, alirekodi video anajitetea huku ameshika habari ya The Onion hiyo hiyo, iliyosema FIFA imetangaza Kombe la Dunia la haraka haraka Marekani mwaka huo huo. Kwao kejeli imejaa na bado ikampita. Wote wawili, wale wa Beijing na huyu wa Trinidad, walikosa kitu kimoja, kujua kwamba gazeti lile kazi yake ni kuchekesha. Msomaji wa Marekani anayelijua jina hashtuki hata kidogo. Kwa hiyo kinachokuokoa ni kumjua anayeongea. Ukimjua mtu, unajua leo anatania.

#5 binti_Kasulu

Naomba nichangie kama mwanamke maana naona mnaongea makaburi na magazeti tu.

Ujiji mnaijua, kina mama wa pale na khanga. Jirani yangu wa zamani alikuwa na ugomvi na wifi yake, hawasemeshani. Asubuhi moja katoka kufagia uwanja kavaa khanga imeandikwa MTASEMA MCHANA USIKU MTALALA, kainama makusudi maandishi yaangalie mlango wa wifi. Hakuna aliyefungua mdomo, na mtaa mzima ulijua. Wifi alirudi ndani akafunga dirisha kwa kishindo. Sasa khanga ya maandishi hayo hayo nimemwona dada mmoja wa kigeni kaninunulia mimi zawadi kwa sababu ya rangi, na nikafurahi kweli. Kitambaa kile kile, maneno yale yale, kwa mmoja ni kijembe na kwa mwingine ni upendo.

Kuhusu Warundi nawatetea kwa moyo wote maana nimefanya kazi nao huku kwetu miaka mingi. Kusema hawataniki ni kuwaonea. Kirundi na Kiha ni ndugu wa karibu mno, tunasikilizana. Mbele ya mkubwa wanatulia, wanaongea kwa mpangilio, mdogo anasubiri. Kuna mtafiti Mmarekani, Ethel Albert, aliishi Burundi miaka ya 1950 na andiko lake la 1964 linaeleza jinsi kule kuongea kulivyokuwa na daraja, mkubwa anaanza, mdogo anafuata, na watoto wa familia za juu walifundishwa kuongea kama somo. Sasa wewe unakutana na mtu wa namna hiyo ofisini umekaa kwenye kiti cha bosi, unamtupia kejeli, ananyamaza, unasema hana ucheshi. Subiri akae na wenzake jioni wanakoboa mahindi, uone kicheko. Mara ngapi nimewakuta wanamwigiza afisa fulani anavyotembea, na nikikaribia wananyamaza! Mpaka waliponizoea ndo wakawa wanaigiza na mimi nipo.

#6 Mwalimu wa Sikonge

Wadau, nafundisha darasa la kwanza na la pili kwa hiyo kejeli naiona inavyozaliwa. Ukiwaambia wa darasa la kwanza "haya endeleeni kupiga kelele" wanaendelea kweli, tena kwa furaha. Wa la pili nusu wananyamaza na nusu wanaangaliana. Watafiti wa watoto sehemu mbalimbali wanasema uelewa wa kejeli unaanza kujitokeza kama umri wa miaka 5 au 6 na unaendelea kukua miaka mingi baada ya hapo, na ndo ninachokiona hapa kwetu.

Na kichwani ina mahali pake. 2005 Simone Shamay-Tsoory na wenzake wa Israeli walionesha kwamba watu walioumia sehemu ya mbele ya ubongo, hasa upande wa kulia, wanaelewa maneno vizuri ila kejeli inawapita, kwa sababu sehemu ile inasaidia kujua mwenzako anafikiria na kujisikia nini. Ubongo wa Msukuma na wa Mswidi umejengwa sawa. Kwa hiyo namuunga mkono mleta uzi, chombo ni kile kile, tunatofautiana tulichokifundishwa kukifanyia.

Ila nami niongeze: walimu wenzangu tuache kuwapiga watoto wadogo kwa kejeli. Mtoto wa miaka 6 ukimwambia "wewe ndo profesa wetu" kwa sababu kakosea hesabu, leo anafurahi, mwakani akielewa ataikumbuka na atakuchukia. Nawaomba sana.

#7 Mgebuka Mkavu

Mwalimu hapo umenigusa, mimi niliitwa hivyo hivyo shuleni.

Haya mleta uzi, tukubali ni ruhusa. Sasa mgeni ataipataje hiyo ruhusa? Maana huwezi kumwambia mzungu kaoe kwanza Tabora ndo utanie watu.

#8 Mzawa wa Ujiji

Swali zuri. Kwanza kwenye maandishi watu wa kazini waache kejeli kabisa, hasa kutoka juu kwenda chini. Hili siyo la Waafrika tu, zile alama za sura inayocheka zilianza kwa shida hiyo hiyo: tarehe 19 Septemba 1982 Scott Fahlman wa Carnegie Mellon alipendekeza waweke :-) kwenye ubao wao wa meseji wa chuo kwa sababu wasomi wa kompyuta walikuwa wanachukulia utani wa wenzao ni taarifa ya kweli, mmoja alishatania kuhusu zebaki kumwagika kwenye lifti ikaonekana ni ajali. Kama wale waliokuwa wanafanya kazi jengo moja walihitaji alama, bosi wa mradi anahitaji zaidi, na mimi ningesema kwenye kukosoa mtu hata alama isitumike, piga simu au mwite.

Pili hao wanaoleta wageni wawafundishe hili siku ya kwanza. Wanafundishwa malaria, wanafundishwa kusalimia, hawafundishwi nani anamtania nani, wakati kibarua cha mtu kinaweza kupotea hapo. Inaniuma kwa sababu dogo wa stoo ana familia inayomtegemea, na barua ile ya onyo wataisoma wengine watakaokuja bila kujua kilichotokea.

Jinsi ruhusa inavyotolewa nadhani Kaliua Kwetu anajua kuliko mimi.

#9 Kaliua Kwetu

Inatolewa, wala haina ugumu, tena huku Afrika ni jambo kubwa, utani wa Niger umeingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO tangu 2014, na Mali na Senegal wanao wa kwao. Mtu wa kule nadhani angeelewa msiba wetu haraka kuliko yule kijana wa Dar.

Yule daktari niliyemsema pale juu, baada ya maziko wazee walimwita chini ya mwembe wakamweleza kila kitu, jembe likarudishwa, akaelezwa hela inaenda wapi na kwa nini. Akauliza maswali mengi sana, mzee mmoja akamaliza kwa kusema mbele ya watu wote, "Kuanzia leo huyu ni mtani wetu." Basi. Wiki ile ile wakaenda kumchukulia kuku wake mchana kweupe wakamla, na yeye akaja kudai ndizi za mwenyekiti. Mwaka uliofuata kwenye msiba wa mzee huyo huyo, daktari ndo aliyeficha jembe, na tulimlipa elfu tano.

#10 binti_Kasulu

Elfu tano ndogo hiyo, Wanyamwezi mna mkono wa birika. Mngemwongeza na kuku.

#11 Kaliua Kwetu

Dada kuku alidai mwenyewe, akapewa jogoo. Karibu Kaliua.